Kilikuwa Wapi? Mafunzo Niliyoyapata Katika Vitenzi vya Kuokoa

Vijana wanaoingia katika kazi ya habari na tafsiri wana swali ambalo hawachoki kuniuliza: "Mzee, neno sahihi la kuokoa kitu ni lipi?" Wanataka jibu la haraka, kwa kuwa saa ya taarifa haimngoji mtu. Nami huwajibu kwa swali: kitu chenyewe kilikuwa wapi? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Kiswahili kina kuokoa, kuopoa, kukomboa, kugomboa, kunusuru, kusalimisha na kuibua, na kila kimoja kina mahali pake: majini, motoni, mikononi mwa mtu, ukingoni mwa shimo. Nimehariri habari Mwanza na Dar es Salaam, na uzeeni nikatafsiri nyaraka za watu. Katika vitenzi hivyo, sidhani kuna hata kimoja ambacho sikuwahi kukikosea. Ninayoyaeleza hapa ni makosa yangu pamoja na faida yake. Yachukue bure, maana wewe una safari ndefu kuliko niliyobakiza mimi.

1. Ndoo haina roho

Nilikulia Tanga, katika nyumba yenye kisima uani. Kuteka maji alfajiri ilikuwa kazi yangu, na kamba ya ndoo ilikuwa imechakaa. Siku ilipokatika nilikimbilia jikoni nikipiga kelele: "Bibi, njoo uokoe ndoo!"

Bibi hakuinuka kwenye mbuzi. Aliendelea kukuna nazi yake. "Ndoo ina roho?" akaniuliza. "Nenda kwa jirani, mwambie babu yako anaomba kulabu, aje aiopoe."

Jirani alikuja na kulabu ya chuma iliyofungwa kwenye kamba ndefu. Akaiteremsha mpaka ikagusa chini, akafumba macho, akaanza kuizungusha polepole kwa vidole viwili. Nilidhani anafanya mzaha. Kumbe ndani ya kisima hakuna cha kuona, na macho yanamchanganya mtu tu. Alitoa kwanza kopo lenye kutu, kisha ndala ya mtoto, kisha ndoo ambayo hakuna hata mmoja nyumbani aliyeikumbuka. Yetu ilikuja mwisho.

Kilichonishangaza siku ile ni hizo nyingine. Anayeopoa hachagui. Anapapasa, anashika kilichoshikika, na akishakitoa nje ndipo anapojua amepata nini. Kitenzi hiki kina maji ndani yake, au walau shimo lenye giza. Ukiandika kwamba polisi "wameopoa" pikipiki iliyoibwa, msomaji atatafuta mto ulio karibu. Kama pikipiki ilikutwa bandani, imepatikana. Neno dogo, lakini ndilo lake.

2. Herufi moja

Somo hili ndilo ghali kuliko yote, na sikulilipia mimi.

Nilipokuwa Mwanza, waandishi wetu wa visiwani walituletea habari kwa simu ya mezani, na simu zenyewe zilikoroma kuliko zilivyosema. Jioni moja mwandishi wetu alipiga kueleza kwamba mtumbwi uliobeba watu waliotoka gulioni ulikuwa umepinduka. Akataja idadi, kisha akasema "wameopolewa". Mimi niliyeshika simu nikasikia "wameokolewa". Sikumwomba arudie. Taarifa ilikuwa karibu kuanza, na habari njema huingia sikioni bila kupiga hodi. Ikasomwa hivyo, na waliokuwa na redio wakaisikia hivyo.

Kesho yake asubuhi mtu mmoja alikuja ofisini. Mkononi alikuwa na chupa ya uji, na kwapani ameshika mfuko wa nguo zilizopigwa pasi. Hakupandisha sauti. "Mwandishi," aliniambia, "nilikwenda wodini kumtafuta mdogo wangu. Wakanielekeza mochwari."

Nilikuwa na maelezo mengi: simu mbovu, muda mfupi, herufi mbili zinazofanana zikipita kwenye waya. Nashukuru sikutoa hata moja. Nilimpa pole, nikamtafutia kiti, akakataa kukaa.

Wengi hudhani kosa langu lilikuwa la sikio tu. Baadaye niliona lilikuwa kubwa zaidi. Hata kama ningesikia vizuri, "wameopolewa" peke yake halitoshi. Kwa maana yake ya asili, mtu anaweza kuopolewa akiwa anapumua, kama vile ndoo inavyoopolewa ikiwa nzima. Lakini kwenye maziwa na mito yetu neno hilo limeambatana na maiti kwa muda mrefu, na anayelisikia huanza kulia kabla sentensi haijaisha. Basi tukabandika karatasi ukutani: anayeandika kuopoa aseme ni mwili au ni mtu, anayeandika kuokoa aseme aliyeokolewa yuko wapi sasa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mji ukajaa watu wanaotafuta ndugu zao, karatasi ile ilikuwa bado ipo ukutani. Hatukuandika habari nzuri siku zile, wala hazikuwepo za kuandikwa, ila tuliandika habari ambayo mtu angeweza kuifuata mpaka mlango sahihi wa hospitali.

Nikiwa nimeshastaafu, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye, wakati kazi ya kuopoa miili ikiendelea, fundi mmoja wa kivuko alipatikana ndani yake, na taarifa nilizozisikia zilisema amepatikana akiwa hai. Sikiliza maneno hayo mawili, "akiwa hai". Katika siku ya namna ile si ya ziada hata kidogo, na mhariri anayeyafuta kwa kisingizio cha kupunguza urefu hajui kazi yake.

Kama unataka zoezi, chukua ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka katika Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndani yake walikuwamo watu 43. Wavuvi walifika wa kwanza. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki, na ndege yenyewe ikavutwa kwa kamba kuelekea ufukweni. Andika aya moja ya tukio hilo ukitumia kuokoa, kuopoa na kuvuta, kila kimoja mahali pake. Ukiweza bila kurudia sentensi, uko mbele kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wako.

3. Kijana aliyejisalimisha

Hiki ni kisa kifupi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliandika kuwa mashua ilipopigwa na dhoruba, kijana mmoja "alijisalimisha kwa kuogelea hadi nchi kavu". Nilimsifu kwa Kiswahili chake, nikapitisha. Mchana wake simu ziliingia kuuliza kijana yule alikuwa anatafutwa na polisi kwa kosa gani.

Kusalimika ni kutoka salama. Mtu hukimbia "kusalimisha maisha yake", na hapo hakuna atakayeuliza swali. Lakini ukikirudisha kitenzi kwa mtendaji bila kutaja maisha, akajisalimisha, umempandisha kizimbani. Kamusi ina maana zote mbili. Mtaani iliyobaki ni moja, na msikilizaji wako yuko mtaani.

4. Wenye neno hawaombi ruhusa

Bibi yangu aliniharibu kidogo. Kwa kuwa ndoo haina roho, nilijiwekea sheria kwamba kuokoa ni kwa wenye roho tu. Kila mwandishi aliyeniletea "wananchi waliokoa mali" alirudishiwa karatasi ikiwa na wino mwekundu: mali hutolewa, haiokolewi. Nilijiona mlinzi wa lugha. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba nyuma ya mgongo wangu waliniita Mzee Ndoo.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Siku zilizofuata nilikaa na wafanyabiashara ninaowafahamu, nikiwasikiliza bila kalamu ya kusahihisha mkononi. Wote, bila kushauriana, walisema ama wameokoa mzigo ama hawakuokoa kitu. Mama mmoja anayeuza vitenge alinieleza majora aliyoyatoa, moja moja, kwa rangi. Aliposema "nimeyaokoa haya", nilitazama nikaona sina ubavu wa kumsahihisha. Ndani ya majora yale mlikuwa na ada za shule, marejesho ya mkopo na kodi ya fremu. Alijua vizuri kuliko mimi kama yana roho au hayana.

Hata jeshi lenyewe linaitwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uokoaji wake ni wa watu na mali. Sheria yangu haikuwa ya Kiswahili. Ilikuwa ya kisima chetu, na bibi mwenyewe aliisema kwa utani.

Neno hilohilo lina maisha mengine ambayo mlinzi wa lugha hayafikii. Nenda kanisani usikie "nimeokoka", na walokole, jina lililotoka Uganda likaenea Afrika Mashariki yote. Anayesema ameokoka hakuokolewa kutoka majini wala motoni, na bado swali langu linamfaa: ukimuuliza alikuwa wapi, atakueleza kwa muda mrefu kuliko ulivyokusudia kukaa. Vijana wa Dar es Salaam nao wamekichukua kuopoa wakakipeleka kwenye mapenzi: fulani "ameopoa", yaani amepata mwenza, mara nyingi katika mazingira yasiyo na mwanga wa kutosha. Niliposikia mara ya kwanza nilikasirika. Kisha nikamkumbuka jirani yetu amefumba macho kando ya kisima, nikacheka peke yangu ndani ya daladala.

5. Jahazi haliokolewi na shehena yake yote

Niliwahi kwenda Nairobi katika semina ya watafsiri. Kijana aliyekaa karibu nami alitaka kupiga simu, akaitazama simu yake, akaguna: "Niko na okoa." Nikamuuliza okoa ya nini. Akanishangaa kama mtu aliyetoka enzi ya telegramu. Wakenya wana huduma ya Safaricom iitwayo Okoa Jahazi: muda wa maongezi ukikwisha unakopeshwa kwa ada ya asilimia 10, na ukiongeza salio deni linakatwa. Kwa hiyo "kuwa na okoa" ni kuwa na deni. Kitenzi cha ukombozi kimegeuka nomino ya mkopo! Nilikuwa tayari kulalamika, lakini nilishapata adabu ya Kariakoo, nikanyamaza.

Na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona waliolibuni jina lile walichagua vyema, hata kama walikuwa wanatafuta jina tamu tu. "Kuokoa jahazi" ni nahau ya watu wa pwani. Tunaitumia kwa golikipa aliyezuia penalti ya mwisho, kwa mjomba aliyechangia harusi iliyopungukiwa, kwa mtangazaji aliyejaza dakika wakati mitambo imezimika. Tukiitumia hivyo tunasahau gharama yake. Wenye majahazi hawaisahau.

Nahodha mmoja mzee wa Tanga alinisimulia dhoruba iliyowakuta wakiwa wamebeba chumvi, nguo na unga. Chombo kilikuwa kinanywa maji. Nilitarajia hadithi ya ushujaa wa tanga na usukani. Yeye alinieleza hesabu. Walianza kutosa chumvi, kwa sababu ni nzito na bei yake ndogo. Kisha unga. Nguo zilibaki. Nikamuuliza: mwenye chumvi alisemaje mlipofika? Akanitazama kwa huruma. "Mwenye nguo alimchangia," akasema. "Nguo zake zilifika kwa sababu ya chumvi ya mwenzake."

Nilidhani hiyo ni busara ya pwani yetu. Baadaye, nikitafsiri mkataba wa usafirishaji, nilikuta ni kanuni ya zamani sana ya biashara ya bahari, na mpaka leo inafanya kazi duniani kote: kinachotoswa kwa makusudi ili chombo kisalimike ni hasara ya wote, na kila aliyefikishiwa mali yake hulipa fungu lake kwa kadiri ya thamani ya mali hiyo. Meli ya Ever Given iliponasa kwenye mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, ikakaa siku sita, mwenye meli aliitangaza kanuni hiyohiyo. Watu waliokuwa wakisubiri samani na viatu vyao, ambavyo havikulowa hata tone, wakatakiwa kuchangia gharama za kuinasua.

Tangu hapo, kila ninapohariri makala yenye "ameokoa jahazi", huandika pembeni: kimetoswa nini, na kilikuwa cha nani? Mara nyingi mwandishi hana jibu. Akilitafuta, hurudi na habari bora kuliko aliyoileta kwanza. Wewe unayetaka kuandika habari za uchumi, siasa au timu za mpira, jizoeze swali hilo mapema. Kampuni iliyookolewa isifilisike imetosa wafanyakazi wangapi? Timu iliyookoa msimu imemuuza nani?

6. Makontena hayakuzama

Niliwahi kuweka kichwa cha habari kilichosema makontena "yameokolewa" bandarini baada ya kukaa muda mrefu. Wakala wa forodha ninayefahamiana naye alinipigia. "Mzee, makontena hayakuzama. Yalishikwa. Yamegombolewa."

Kugomboa ni kutoa mzigo bandarini kwa kulipa ushuru na kutimiza masharti. Kukomboa ni kutoa kilicho mikononi mwa mwingine: bangili iliyowekwa rehani, mateka, shamba lililoshikwa kwa deni, nchi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam, haikujiita kamati ya uokoaji. Anayekomboa anatambua kwamba yupo aliyeshika, na kwamba ataachia kwa malipo au kwa nguvu. Ukikosa kumwona aliyeshika, umechagua kitenzi kisicho chake.

7. Mwokozi hulipwa?

Nilipoanza kutafsiri nyaraka za bima nilikuwa na kiburi cha mhariri mstaafu. Kwenye bima ya magari nilikutana na neno la Kiingereza *salvage*, nikaandika "uokoaji" bila kuinua kichwa. Sentensi yangu ilisomeka hivi: baada ya fidia kulipwa, uokoaji utakuwa mali ya kampuni.

Mama mmoja ambaye Hiace yake ilikuwa imepondwa na lori aliletewa karatasi ile aweke sahihi. Aliisoma taratibu, akauliza: "Waliotuokoa ni vijana wa bodaboda pale barabarani. Kampuni inawachukua wao?"

Tatizo ni kwamba neno lile la Kiingereza limebeba mambo matatu kwa pamoja: kitendo cha kuokoa mali, mali yenyewe iliyookolewa, na malipo ya aliyeokoa. Linatazama kilichobaki na thamani yake. Vitenzi vyetu vinatazama kitu kilikuwa wapi na kilitokaje. Kwa hiyo hakuna neno moja la Kiswahili litakalolibeba lote, na anayekutafutia hilo moja anakupotezea muda. Kwenye bima ya gari, sema mabaki ya gari. Kila mtu anaelewa: ni ile Hiace itakayochinjwa spea zake ziuzwe, na bodi iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vijana wa Gerezani, Dar es Salaam, wangekutafsiria vizuri kuliko mimi, na bila kukutoza.

Sikukoma. Katika waraka wa bima ya meli niliandika kwamba "mwokozi atastahili malipo kulingana na thamani ya shehena". Mwanasheria aliyeupokea ni mzee wa kanisa. Alinirudishia akiwa ameandika pembeni: "Wa kwangu hakudai." Hapo nikajua tofauti ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Mwokozi ni cheo. Mwokoaji ni mtu wa kazi, anaweza kuleta ankara.

Sheria yenyewe ya bahari ilinipa mshangao ambao sijaumaliza. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989, anayeokoa meli au shehena iliyo hatarini hulipwa kama kazi yake imezaa matunda, na malipo hupimwa kwa thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari na ustadi wake. Kwa kawaida asiyefanikiwa halipwi. Lakini mtu aliyeokolewa roho yake hadaiwi hata senti na aliyemwokoa. Mali ina bei ya kuokolewa, binadamu hana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea tafsiri, nikarudi kwenye maandishi ya asili. Sikukosea, walau mara hiyo moja.

8. Kunusuru huja kabla

Kunusuru nilikuwa nakitumia kama pambo. Kuokoa kikijirudia mara mbili katika aya, cha tatu nakifanya kunusuru, habari inapata sauti ya kitabuni. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, walinisaidia kuacha tabia hiyo bila kujua. Mpango wao unaitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na nilipokuwa nikihariri makala moja juu yake nilijaribu kubadilisha jina hilo kichwani: kuopoa kaya maskini, kukomboa kaya maskini. Moja linasema kaya imeshazama, la pili linasema kuna mtu ameishika. Kunusuru kinasema kaya iko ukingoni, na bado hujachelewa. Ndiyo maana aliyepona ajalini kwa tundu la sindano "amenusurika": kifo kilikuwa hapo, hakikumfikia.

Kitenzi kinachotangulia hatari ni kigumu kukiripoti, kwa sababu kikifanya kazi vizuri hakuna tukio. Mfano mzuri ninaoujua uko Kigoma.

Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshafika Ziwa Tanganyika. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuondoka Kigoma, na wakaamua kuizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito.

Fikiria amri ile. Unaambiwa uzamishe meli uliyoiunganisha kwa mikono yako, adui yuko njiani, nawe unachukua grisi unapaka mashine itakayokwenda kukaa chini ya maji. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena. Mwezi Machi 1924 Waingereza wakaiibua, wakaikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilibeba abiria na dagaa katika ziwa lile kwa miongo mingi, ilibeba pia wakimbizi.

Kwa miaka mingi niliandika kwamba Waingereza "waliiokoa" Liemba. Sasa sikubali tena sentensi hiyo. Waingereza waliiibua, na kuibua meli ya ukubwa ule si kazi ndogo. Ila chuma kilichokaa majini bila grisi kingeibuliwa kikiwa chakavu. Liemba ilinusuriwa Julai 1916, na walioinusuru ndio waliokuwa wanaizamisha. Ukija kuandika habari zake, wape mafundi wale kitenzi chao.